Tarehe Niliyompa Mama Mkwe

Kama ulinunua gazeti la wiki iliyopita, uliniacha nikirukaruka sebuleni na simu mkononi, wanangu mapacha wakirukaruka nami bila kujua tunarukia nini. Kama hukununua, usijali. Aibu yangu haina haraka, nitakurudisha nyuma kidogo.

Mimi ni kinyozi wa meli ya kitalii. Kinyozi bado nipo, meli ndiyo haipo. Imetia nanga mahali tangu korona ilipoingia, na sisi wafanyakazi tukarudishwa kila mtu kwao. Huu ni mwezi wa kumi na saba. Kila mwezi wakala anatuambia safari zitaanza mwezi ujao, na huo mwezi ujao ukifika, tunaambiwa habari za unaofuata.

Melini tuna sheria moja ambayo huku nchi kavu hamna: marufuku kumwambia abiria "sijui". Ukiulizwa, jibu, na ujibu ukitabasamu. Bwana mmoja aliwahi kuniuliza, povu likiwa bado shingoni, kama bahari ya leo ni ileile ya jana. Nikamwambia hapana mzee, hii mpya, tumeibadilisha alfajiri. Akafurahi, akaniachia bakshishi. Miaka tisa ya kazi ya namna hiyo inamharibu mtu.

Ndiyo maana mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliponiuliza kwa mara ya mia mbili, "Hivi mwanangu, unaondoka lini?", mdomo wangu ulifanya kile ulichozoeshwa.

"Tarehe kumi na nne mwezi wa tisa, mama."

"Nani kakwambia?"

"Nahodha."

Huyo nahodha nimemnyoa mara moja tu maishani, na neno pekee aliloniambia lilikuwa nipunguze masikioni.

Siku kumi baadaye, ujumbe ukaingia kwenye kundi la simu la wafanyakazi wa meli yetu: "Imethibitishwa. Tunaondoka tarehe 14 mwezi wa 9." Ndipo nikaruka.

Wewe msomaji una akili timamu, umeshajua ujumbe ule umetoka wapi. Mimi nilidhani nina kipaji. Naapa kabisa. Nilikaa kwenye kochi nikajiambia, kumbe nimejaliwa maono na miaka yote hii nanyoa watu. Nikaanza hata kufikiria kutabiri matokeo ya mpira.

Lakini aliyeumia hajaingia bado kwenye habari hii.

Mke wangu, Mama Pacha, ni muuguzi. Kuna kozi ya wauguzi wa dawa ya usingizi, wale wanaomlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa na kuhakikisha anaamka. Miezi kumi, bweni, chuo kiko mbali. Ameiomba mara nne. Safari hii hospitali yao ilipewa nafasi mbili, na moja ikawa yake. Kozi inaanza Jumatatu. Asiyetaka anatakiwa kusema kwa barua kabla ya Ijumaa saa sita mchana, nafasi apewe mwingine.

Makubaliano yetu ya ndoa ni mepesi: mmoja akiwa mbali, mwingine yupo na watoto. Mapacha wana miaka sita, na bibi yao ana magoti ambayo hayawezi kumkimbiza hata kuku. Kwa miaka tisa aliyekuwa mbali ni mimi.

Ujumbe ulipoingia, Mama Pacha aliusoma mara moja, akanirudishia simu.

"Sawa," akasema. "Basi naandika barua ya kukataa."

Na mimi, hapa ndipo dhambi yangu ilipo, nikamwambia, "Pole mke wangu. Mwaka mwingine upo." Kisha nikaenda kupaka mikasi yangu mafuta.

Alhamisi asubuhi akaja Mpishi. Ndiye mpishi wa mikate wa meli yetu, na ndiye msimamizi wa lile kundi la simu. Siku hizi nanyolea kibarazani, wateja wawili watatu kwa wiki, maana watu wanaogopa kupumuliwa kisogoni. Mpishi akakaa, barakoa akaitundika sikio moja.

"Kaka, leo shusha zote. Nataka nipande meli na kipara kipya."

"Hii tarehe umeipata kwa yule dada wa ofisi ya wakala?"

"Yule? Yule hajui hata leo ni siku gani. Mimi nimeitoa juu."

"Juu wapi?"

"Kwa nahodha."

Mashine ikasita mkononi.

"Wewe unaongea na nahodha?"

"Si mimi. Mke wangu alikuwa kwenye foleni ya chanjo. Nyuma yake kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, ana mkongojo, magoti yanamsumbua. Huyo mama, mkwe wake ndiye kinyozi wa nahodha. Kinyozi wake binafsi, kaka! Wanapigiana simu kila siku. Nahodha hafanyi kitu bila kumuuliza."

"Kinyozi binafsi."

"Ndiyo hivyo. Sasa najiuliza ni nani, maana meli yetu mimi namjua kinyozi mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa amesimama nyuma yake na nusu ya kichwa chake mkononi. Mpishi ni hodari wa maandazi, mambo mengine humfikia polepole.

"Nisubiri kidogo," nikamwambia, nikaingia ndani nikimwacha na upara upande mmoja na kichaka upande wa pili.

Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, miguu juu ya stuli, anasikiliza redio.

"Mama, kwenye foleni ya chanjo uliongea na nani?"

"Na watu. Nimesimama tangu saa mbili mpaka saa sita, ulitaka niongee na ukuta?"

"Uliwaambia ile tarehe?"

"Niliwaambia. Kwani ilikuwa siri?"

"Mama, ile tarehe sikuambiwa na nahodha."

"Uliambiwa na nani?"

"Sikuambiwa."

Akazima redio. Nilikuwa sijawahi kumwona akiizima redio kwa hiari yake.

"Umenidanganya mimi, mtu mzima na mvi zangu?"

"Ulikuwa unaniuliza sana, mama."

"Kwa hiyo ningeuliza kidogo ungesema kweli?"

Nikatazama chini. Sakafu ilikuwa safi.

"Sasa nisikilize," akasema kwa sauti ya chini. "Kudanganya umeshadanganya. Usiniaibishe. Pale foleni nimewaambia watu wasiopungua hamsini, wengine siku hizi wananisimamisha njiani kunisalimia. Wewe kaa kimya. Tarehe kumi na nne ikifika, beba begi lako uondoke."

"Niende wapi, mama?"

"Popote. Urudi baada ya miezi sita."

Alimaanisha. Ndipo nikamwambia kuhusu barua. Alikuwa hajui. Mama Pacha alimwambia tu kwamba mambo ya chuo yameahirishwa, asije akasikitika.

Mama mkwe akashusha miguu kwenye stuli, mmoja, halafu wa pili.

"Kaandika?"

"Kaandika. Kesho anaipeleka kwa matroni."

"Mwambie leo."

"Nitamwambia."

"Leo, Baba Pacha."

Nikarudi kibarazani nikammalizia Mpishi nusu yake ya pili, bila kumwambia chochote. Akaondoka anajipapasa kichwa na kupiga mluzi.

Sikumwambia mke wangu siku ile. Alirudi kutoka zamu akala amesimama, akalala na soksi. Nikajiambia amechoka, nitakuwa nimemwonea. Uongo mtupu. Nilimwogopa. Na kulikuwa na kitu kingine kibaya kuliko woga: bado nilitumaini kwamba tarehe yangu inaweza kuwa ya kweli. Imezunguka kwa watu wengi mno, nikawaza, haiwezi kuwa imezunguka bure.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, badala ya kwenda hospitali, nikaenda kwanza kwa wakala.

Ofisi ile ilikuwa na viti kumi, sita vimefungwa utepe mwekundu visikaliwe. Dada wa wakala alikuwa nyuma ya karatasi ngumu ya plastiki iliyotobolewa matundu ya kuongelea, na nyuma yake kalenda iliyochorwachorwa mpaka haisomeki.

"Dada, nimekuja kuulizia ile tarehe kumi na nne."

"Hata mimi naiulizia."

"Si ninyi mmeithibitisha?"

"Kaka yangu, tangu wiki iliyopita watu wananipigia simu kuniambia imethibitishwa. Siku ya kwanza nilikataa. Siku ya pili nikakataa. Siku ya tatu nikaona huenda mimi ndiye nimeachwa nyuma. Nikawaandikia makao makuu, nikawauliza."

"Wakasemaje?"

"Wakasema na wao wameisikia. Wameisikia kutoka ofisi yetu."

Tukatazamana kupitia matundu.

"Aliyeianzisha ningempata," akasema, "ningemfungia kwenye kabati hili mpaka meli zianze."

Nikageukia tangazo la kunawa mikono ukutani. Nikalisoma lote, hatua zote saba.

"Kwa hiyo hakuna tarehe kabisa?"

"Hakuna. Inaweza kuwa wiki ijayo, inaweza kuwa mwakani. Ukitaka ushauri wangu, mtu asiharibu mambo yake kwa ajili ya tarehe ya kusikia."

Ilikuwa saa nne. Nikatoka pale mguu niponye, kutoka ofisi ya wakala mpaka hospitali, kama umbali wa vituo vitatu vya basi. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, miezi kumi na saba bila kupanda hata ngazi za melini. Nilifika getini nahema, jasho linaingia machoni, barakoa imelowa.

Mlinzi akanielekezea kipima joto kwenye paji la uso.

"Thelathini na nane na nusu. Kaa pale."

"Nimekimbia, afande."

"Wote husema wamekimbia."

"Mke wangu yuko humu ndani, ni muuguzi, nina neno moja tu la kumwambia."

"Na mimi nina neno moja: kaa pale."

Nikakaa kwenye benchi la washukiwa wa homa, katikati ya bibi anayekohoa na kijana anayedai amekula pilipili. Kila baada ya dakika kumi mlinzi alinipima. Kadiri nilivyoitazama saa yangu, ndivyo damu ilivyozidi kuchemka, na joto likakataa kushuka. Saa tano kasorobo. Saa tano. Saa tano na robo ndipo nikafumba macho, nikajilazimisha kufikiria barafu ya kwenye jokofu la Mpishi.

"Thelathini na saba. Pita. Usikimbie tena."

Nilimkuta Mama Pacha kwenye korido, anaosha mikono kwenye sinki lililo nje ya wodi.

"Umefuata nini huku? Watoto wazima?"

"Wazima. Ile barua iko wapi?"

"Nimempa matroni saa mbili asubuhi."

"Mama Pacha, ile tarehe si ya kweli."

"Wameahirisha tena?" Hakushangaa hata kidogo.

"Haijaahirishwa. Haikuwahi kuwepo. Niliitunga mimi, nikampa mama."

Aliendelea kuosha mikono. Kati ya vidole, nyuma ya viganja, kucha.

"Na ujumbe uliokuja kwenye simu?"

"Ndiyo hiyohiyo. Ilitoka kwangu, ikapita kwa mama, ikazunguka huko nje, ikanirudia."

"Na iliporudi, wewe uliruka."

"Niliamini."

"Uliamini uongo wako mwenyewe."

"Ndiyo."

Akafunga bomba. Nilitegemea apige kelele. Nilikuwa tayari kwa kelele. Alisema taratibu, kama anayesoma cheti cha mgonjwa.

"Mara ya kwanza kuomba hii kozi, nilikuwa na mimba ya hawa watoto, na wewe ulikuwa melini. Mara ya pili ulikuwa melini. Mara ya tatu ulikuwa melini. Safari hii meli yenyewe haipo, na bado imenizuia."

Nilitamani sakafu ipasuke. Sijawahi kujiona mdogo namna ile, na nimewahi kutukanwa na abiria mbele ya watu mia tatu.

"Saa sita bado," nikasema. "Twende."

Ofisi ya matroni iko mwisho wa korido. Matroni, mkuu wa wauguzi, ni mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa anakunywa chai. Barua ya mke wangu ilikuwa chini ya kikombe, ina duara la chai juu yake.

"Matroni, ile barua yangu," Mama Pacha akaanza.

"Hii?" Matroni akainua kikombe. "Sijaituma. Nina miaka kumi na minane kwenye kiti hiki. Barua ya mwanamke anayekataa kozi siitumi mpaka saa sita kasoro dakika tano. Wengi hurudi wanakimbia."

Mama Pacha akaichukua, akaichana vipande vinne.

"Naenda," akasema.

Nikaona machozi yanamtoka, na chini ya barakoa mashavu yakapanda. Alikuwa anacheka. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Kwa muda kama wa dakika moja hivi nilikuwa mume mzuri.

"Na nyumbani?" matroni akauliza. "Watoto unamwachia nani?"

Mama Pacha akaninyooshea kidole bila kugeuka.

"Huyu."

"Huyu yupo mpaka lini?"

"Miezi kumi," nikasema, haraka, kabla sijaulizwa mara mbili.

Mke wangu akageuka. Akanitazama kama mtu anayenunua kitu cha mtumba.

"Maneno yako nimeyasikia sana. Mpigie dada wa wakala. Hapa hapa. Mwambie akutoe kwenye orodha ya mwaka huu. Na weka sauti ya nje, na matroni asikie."

Nikapiga. Simu iliita mara moja tu.

"Kaka! Afadhali umepiga, nilikuwa natafuta namba yako!" Dada wa wakala alikuwa anapumua kwa nguvu. "Umeondoka tu, makao makuu wakaandika. Wamekubali! Safari zinaanza!"

"Dada, kama ni ile tarehe kumi na nne..."

"Achana na ule uvumi. Hii ina muhuri, ninayo hapa mkononi. Wafanyakazi wanatangulia kabla ya abiria. Kundi la kwanza linaondoka Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Jumatatu hii hii! Basi linawachukua hapa ofisini saa moja asubuhi. Kinyozi wanataka mmoja, na orodha yangu ina majina matatu. Nimeanza na lako. Nikuweke au nimpigie wa pili?"

Matroni alishika kikombe hewani. Vipande vinne vya barua vilikuwa bado kiganjani mwa Mama Pacha.

Ndugu msomaji, naandika haya wiki baada ya wiki ili niseme kweli angalau mara moja, basi hii hapa. Ulimi haukuteleza. Sikubabaika. Miezi kumi na saba nimekaa kwenye nyumba ambayo kila mtu ana pa kwenda asubuhi isipokuwa mimi, na sasa mtu alikuwa ananiita kwenye kazi yangu, kwa jina langu, kabla ya wengine wote. Nilitaka kwenda. Nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka kuwa mume mzuri.

"Niweke," nikasema.

"Safi! Jumatatu saa moja, usichelewe!" Akakata.

Matroni akakiweka kikombe mezani.

Mama Pacha akavitazama vile vipande vya barua. Nilidhani ataomba gundi, na nina aibu kusema kwamba nilitumaini ataomba. Akavitupa kwenye ndoo ya takataka.

"Matroni, gari la chuo linaondoka saa ngapi Jumatatu?"

"Saa moja asubuhi."

"Niandike."

Matroni akavuta daftari, akaandika. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa sita kasoro dakika nane.

"Mama Pacha," nikasema. "Na watoto?"

Akajipangusa macho kwa mkono wa sare yake, akainyoosha barakoa vizuri, akashika kitasa cha mlango.

"Leo nina zamu mpaka jioni," akasema. "Wewe unawahi kufika nyumbani. Wakalishe kwenye kochi, uwaambie Jumatatu wanabaki na nani. Nikirudi, na mimi utaniambia."